Nyuzi Arobaini na Moja

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Chiriku alishuka kwenye chemchemi ya maji moto nyuma ya shule. Alitumbukiza kipimajoto kilichofungwa kamba, akahesabu hadi mia, akakisoma kikiwa bado majini, kisha akaandika namba kwenye daftari. Jina la Chiriku alipewa na wenzake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini wiki ile alikuwa kimya kama aliyemeza jiwe.

Daftari lilikuwa la mtaalamu wa volkano aliyekuja kila Ijumaa. Watoto walimwita Mama Kipimajoto. Muhula mzima namba haikubadilika: nyuzi arobaini na moja. Jumatatu Chiriku akaona arobaini na nne. Akafikicha macho, akaona ileile. Akakumbuka siku aliyokisoma kipimajoto vibaya, mwalimu akamwambia mbele ya darasa, "Wewe ulipima maji au ulipima uji?" Darasa zima likaangua kicheko. Basi akaandika arobaini na moja.

Jumanne ikawa arobaini na nane. Sasa aandike nini, na jana aliandika arobaini na moja? Si wataulizana? Akaandika ileile. Jumatano na Alhamisi hakuthubutu hata kukitumbukiza kipimajoto, akaandika ileile tu. Alhamisi hiyohiyo madawati yakatetemeka, na chaki ya mwalimu ikabingirika hadi sakafuni yenyewe.

Ijumaa Mama Kipimajoto akaingia darasani.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Jiko langu halina kuni, likichemka hutapika mawe."

"Volkano!"

"Haya. Chini sana ardhini kuna joto kali linaloyeyusha mawe. Mawe yaliyoyeyuka ni mepesi kuliko magumu, kwa hiyo hupanda juu yakipata ufa. Milima mingine uji wake wa mawe ni mwepesi. Hutiririka taratibu, mlima ukawa mpana kama sahani iliyopinduliwa. Mingine uji wake ni mzito, hewa hunasa ndani. Huo huwa mrefu, wenye ncha. Siku hewa ikishinda, mlima hupasuka."

"Na wetu ni upi?" aliuliza Kibogoyo, mvulana wa dawati la mbele.

"Utazame mwenyewe."

Wote wakageukia dirishani. Kilele kilichongoka kama penseli mpya. Hakuna aliyecheka.

"Msiogope," Mama Kipimajoto alisema, akifunga daftari. "Ule mtetemo ulikuwa mdogo, na maji hayajapata joto. Nakwenda kuwaambia watu wa bondeni walale kwao."

Watu wa bondeni! Dada yake Chiriku alikaa huko, nyumba ya tatu kutoka mtoni, na kichanga cha wiki tatu. Chiriku aliogopa, lakini alitoka mbio, akamkuta yule mama anawasha gari.

"Mama, si arobaini na moja!"

"Nini si arobaini na moja, mwanangu?"

"Zote za wiki hii. Nimeziandika kwa kichwa tu. Niliogopa kuchekwa tena."

Mama Kipimajoto hakumfokea, na hilo lilimtisha zaidi. Alimshika mkono wakashuka pamoja. Chemchemi ilinuka kama mayai viza. Kipimajoto kilisoma hamsini na tisa. Mama akatoa simu, akawapigia viongozi. "Watoeni watu wa bondeni. Sasa hivi, siyo kesho."

Jioni malori yaliwapeleka wote, na familia ya Chiriku pia, kwenye shule ya mbali nyuma ya vilima. Dada alikuwa amefura. "Nepi zote nimeziacha kwenye kamba! Mlima wenyewe umetulia tuli!"

Kesho yake, saa sita mchana, ardhi ilinguruma. Mbingu zikawa nyeusi, na majivu yakaanguka juu ya mabati kama mvua kavu. Chiriku alijibana chini ya dawati, ameng'ang'ania mguu wa dada yake. Majivu yalichanganyika na maji ya mto, tope zito likaporomoka bondeni na kufukia nyumba hadi madirishani. Hakufa mtu.

Majivu yalipopungua jioni hiyo, Mama Kipimajoto alikuja, nywele zimekuwa kijivu kwa majivu. Mwalimu alikuwa naye.

"Mtanifukuza shule?" Chiriku aliuliza.

"Kicheko kile nilikianzisha mimi," mwalimu alisema, akiinamisha kichwa. "Nisamehe."

Mama Kipimajoto alichutama mbele yake. "Sikiliza, mwanangu. Mlima ulisema nasi kwa maji, nawe ukauziba mdomo. Namba ikikushangaza, hiyo ndiyo ya kuandika. Ukikosea kusoma, tutapima upya. Lakini namba ya uongo hufanana na ya kweli, nami nilikuwa naondoka nayo. Jana uliogopa kuliko siku zote, na bado ukasema. Ukweli wako ulichelewa, ila uliwakuta watu wangali hai. Usiucheleweshe tena."

Dada alimpakatisha Chiriku kile kichanga, akakaa kando yake. Chiriku alikitazama kifua kidogo kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, na hapo ndipo alipoanza kulia.