Wino kwenye Kuku Mweupe

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mashamba ya Kabungu, Minza huwa amekwisha kufagia uwanja na kuwamwagia kuku pumba. Kisha humbeba mgongoni mdogo wake Safari, ili mama yao apate nafasi ya kukamua ng'ombe. Safari alikuwa bado mchanga, hata kukaa mwenyewe hajui. Akibebwa na mtu mwingine analia, lakini akifungwa kwenye mgongo wa Minza ananyamaza papo hapo, anaanza kuinyonya shingo ya dada yake kama vile imepakwa asali.

"Mtoto huyo ataimaliza hiyo shingo," alisema Bibi, huku akibangua karanga kwenye ungo.

"Mwache, Bibi. Ananipenda."

"Anakupenda, ee. Mpaka mgongo umelowa kwa mapenzi."

Bibi huyo ni mama yake baba, na watu wote wa pale wanamwita Mama Machibya. Hakuwa mtu wa haraka. Akikuuliza swali, anaendelea kubangua karanga zake mpaka utakapojibu, hata kama ungo utajaa.

Asubuhi hiyo alikuwa na neno. "Minza, surua imeingia vijiji vya jirani. Safari bado mdogo, hawezi kuchanjwa mpaka afikishe miezi tisa. Kwa hiyo kinga yake ni sisi tunaomshika. Nyie wakubwa mkichanjwa, ugonjwa utapita wapi kumfikia? Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Shuleni, Mwalimu Leodgar alisimama mbele ya mstari akatangaza kwamba kesho yake manesi wangekuja. "Kila atakayechanjwa atapakwa wino kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Na sitaki kusikia mtu ameumwa tumbo ghafla!" Wanafunzi wakacheka. Minza naye akacheka, lakini tumbo lilikuwa limekwisha kuanza kumuuma.

Wakati wa kurudi nyumbani aliongozana na rafiki yake Bushra, binti wa muuza duka, na Lyamba, mtoto wa baba yake mkubwa. Lyamba alikuwa darasa la sita, na maneno yalikuwa hayamwishi.

"Sindano yenyewe ni ile ile ya ng'ombe," alisema Lyamba. "Nimeiona kwa macho yangu. Inaingia huku, inatokea huku."

"Muongo!" alisema Bushra.

"Haya, msiniamini. Kule Sibwesa kuna mtoto alichomwa, mkono ukagoma mpaka leo. Hawezi hata kumega ugali."

"Si wanachoma mkono wa kushoto? Sasa yeye anamega ugali kwa kushoto?" Bushra aliuliza.

Lyamba aliutazama mkono wake wa kushoto, kisha wa kulia. "Ndiyo hivyo. Ulihamia wa kulia."

Bushra alicheka mpaka akashika magoti. Minza hakucheka. Alikuwa anaifikiria sindano ya ng'ombe. Alikwisha kuiona baba yake alipochanja mifugo, nene kama msumari, na dume kubwa likiruka ukuta wa zizi.

Kesho yake darasa la sita walitangulia. Minza alisimama kwenye foleni ya darasa la tano, viganja vimelowa jasho. Kila mtoto aliyelia ndani, yeye alirudi nyuma hatua moja na kumpisha mwenzake. Ndipo Lyamba alipotokea, akamvuta pembeni. Kidole chake cha mwisho kilikuwa cheusi.

"Umechomwa?" aliuliza Minza.

"Mimi? Thubutu! Nimejipaka mwenyewe." Lyamba alitoa mfukoni makapeni, ile kalamu nene ambayo baba yake huandikia kwenye magunia. "Nenda nyuma ya choo, jipake, umemaliza. Nani atajua?"

Minza aliitazama kalamu, akautazama mlango wa darasa. Ndani, mtoto alipiga yowe. Basi, Minza akaichukua kalamu.

Nyumbani, Bibi aliuacha ungo wake alipomwona. "Lete mkono niuone." Akakishika kile kidole kidogo, akakitazama. Macho yake yalikuwa yamefifia, hivyo alikisogeza karibu kabisa na uso. "Mjukuu wangu! Umenipumzisha moyo. Ulilia?"

"Sikulia."

"Iliuma?"

"Kidogo tu."

Bibi aliingia ndani akatoka na yai la kuchemsha. Alikuwa amemfichia tangu asubuhi. Minza alilimenya polepole, akala bila kumtazama Bibi usoni. Uongo wake haukuwa mmoja tena. Ule wa kwanza ulikuwa umekwisha kuita wenzake.

Jioni mama yake alirudi kutoka bombani na ndoo kichwani. "Mayu, mbona umekunja uso hivyo?" Minza alimuuliza, maana nyumbani kwao Wasukuma mama ndiye Mayu.

"Simon, yule mtoto wa Bartolomeo, yuko hoi. Homa, macho mekundu, vipele mwili mzima. Nesi kasema ni surua."

Minza akasahau kumtua mama yake ndoo. Simon alikuwa anakaa naye dawati moja. Juzi tu alikohoa mpaka akakilowesha kitabu walichokuwa wanasoma pamoja.

"Nashukuru wewe umechanjwa," aliendelea Mayu. "Haya, mchukue mdogo wako niinjike ugali."

Safari alikuwa amekwisha kunyoosha mikono, anacheka kwa ufizi. Minza akarudi nyuma. "Tumbo linaniuma, Mayu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu... sasa hivi."

Alikwenda kukaa nyuma ya banda la kuku. Kule ndani Safari alilia akimtaka dada yake, akalia mpaka sauti ikakwaruza. Minza aliziba masikio. Haikusaidia.

Alfajiri iliyofuata ilikuwa ya kuchanja kuku. Mwaka uliopita kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita kikafagia banda zima, akabaki kuku mmoja tu, mtetea mweupe. Tangu hapo Bibi hakukubali tena kukosa chanjo. Bwana mifugo alikuwa amemletea kichupa cha dawa, naye alikitunza kwenye chungu cha maji ya baridi. Kwa sababu ya macho yake, kazi ya kudondosha dawa kwenye jicho la kuku ilikuwa ya Minza. Bibi alisimama mlangoni mwa banda na kuwatoa kuku mmoja mmoja.

Majogoo hawakusumbua. Lakini yule mtetea mweupe alipiga mabawa, akapiga kelele, akamkwaruza Minza mkononi. Minza akamkumbatia kwa nguvu.

"Tulia, mama, tulia," alimnong'oneza. "Najua unaogopa. Hii haidumu. Ni kidogo tu halafu imekwisha. Mimi nipo hapa, nimekushika. Unataka kideri kikurudie? Si unawaona wanao hawa?"

Kuku akatulia. Tone likaingia jichoni. Minza alimweka chini, na hapo ndipo alipoona. Kwenye bawa jeupe kulikuwa na doa jeusi, kubwa kama jani la mchicha. Akatazama kidole chake. Jasho lilikuwa limeutoa wino wote.

Bibi naye aliliona. Macho yake yalikuwa hafifu, lakini aliliona.

"Huyu kuku," aliuliza Bibi taratibu, "naye amechanjwa shuleni?"

Minza akakificha kidole nyuma. Bibi akaketi kwenye kigoda chake, akavuta ungo wa karanga, akaanza kubangua. Kra. Kra. Kra. Hakuuliza tena. Ungo ulikuwa haujafika nusu Minza alipoangua kilio.

"Sikuchomwa, Bibi! Nilijipaka! Na Simon anaumwa, na ninakaa naye dawati moja, na Safari ananililia, nami naogopa kumshika!"

Alieleza yote, sindano ya ng'ombe, mtoto wa Sibwesa na ile kalamu nyuma ya choo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamvuta, akamfuta machozi kwa pindo la kitenge.

"Kwa hiyo tumbo la jana lilikuwa hilo."

"Ndiyo, Bibi."

"Ningeweza kukuchapa. Lakini nikikuchapa leo, siku nyingine utanificha jambo kubwa zaidi. Sasa niambie. Yule kuku alikuwa anajua dawa ni ya nini?"

"Hajui. Yeye ni kuku."

"Alituliaje?"

Minza alifikiri. "Nilimshika. Nikamwambia ukweli."

"Haya. Kavae viatu. Manesi wako zahanati mpaka mchana."

Njia nzima Bibi alimshika mkono. Pale zahanati kulikuwa na kina mama na watoto wengi. Nesi Aline, mwanamke mnene mwenye sauti laini anayewajua watoto wote wa kijiji, alikuwa akiwaita mmoja mmoja.

"Shikamoo," alisema Minza.

"Marahaba, mwanangu. Jana nilikutafuta kwenye foleni ya darasa la tano, sikukuona."

"Nilikimbia. Niliambiwa sindano ni ya ng'ombe."

Nesi Aline hakumcheka. Akamwonyesha sindano, nyembamba, fupi, haifanani hata kidogo na ile ya zizini. "Hii ndiyo. Itauma kama kung'atwa na siafu. Kesho mkono unaweza kuuma kidogo, na unaweza kupata homa ndogo siku za mbele. Hiyo siyo surua, ni mwili unajifunza kupigana. Umekaa na mgonjwa?" Minza akatikisa kichwa kukubali. "Basi umefanya vizuri kuja mapema."

Minza aliketi. Alipoiona sindano inakaribia, aliuvuta mkono wake. Ndipo Bibi alipomkumbatia, akakilaza kichwa chake kifuani.

"Tulia, mama, tulia," alinong'ona Bibi. "Najua unaogopa. Hii haidumu. Ni kidogo tu halafu imekwisha. Mimi nipo hapa, nimekushika."

Minza akacheka huku machozi yanamtoka. Kabla hajamaliza kucheka, Nesi Aline alikuwa amekwisha kuichomoa sindano na anampaka wino kidoleni.

Mlangoni walipishana na Lyamba. Alikuwa ameletwa na mama yake kumsindikiza mdogo wake. Minza akakikamata kidole cha Lyamba chenye wino, akakisugua kwa mate, akasugua tena. Wino haukutoka hata chembe.

"Lyamba! Wewe ulichomwa!"

"Alichomwa, ndiyo," alisema mama yake. "Tena alilia, shule nzima ilimsikia."

Kumbe mmoja wa wale waliolia ndani alikuwa yeye! Lyamba akatazama chini, anachimba udongo kwa kidole cha mguu. "Niliona aibu kukwambia kwamba nililia," alisema. "Nisamehe, Minza."

Nesi alikuwa amesema kinga huchukua kama wiki mbili kukomaa, na kwa kuwa Minza alikaa na mgonjwa, akae mbali na mtoto na shule aiache kwanza mpaka atakapomwona tena. Nyumbani Minza alimweleza Mayu ukweli wote, akakaripiwa barabara. Siku zile zilikuwa ndefu. Alimwimbia Safari akiwa upande wa pili wa uwanja, akamchezea kwa kumtingishia kibuyu cha mbegu kwa mbali. Surua haikuingia nyumba ile. Simon naye akapona, akarudi dawatini amekonda.

Siku ambayo Nesi Aline alimruhusu, Minza alimfunga mdogo wake mgongoni. Safari alikwenda moja kwa moja kwenye shingo yake.

"Kuogopa siyo kosa, mjukuu wangu," alisema Bibi kutoka kwenye ungo wake. "Hata mimi sindano naiogopa. Kosa ni kuficha. Ukisema unaogopa, kuna mtu atakushika. Ukificha, utabaki peke yako nyuma ya choo, na wadogo zako watabaki bila kinga. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Mtetea mweupe akapita mbele yao na vifaranga vyake, doa jeusi bado liko bawani. Watu wakiuliza kuku huyu alipakwa nini, Minza huwaeleza mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mwisho.