Mlezi wa Moduli ya Mwangwi

Saa nane mchana, jua likichoma bati, Bi Vifurushi alikohoa mara moja, na baada ya kitambo kidogo kikohozi kile kile kikamrudia kutoka stoo.

Aliacha kuchapa. Akakohoa tena, safari hii kwa makusudi. Kimya. Akajicheka, akarudi kwenye kompyuta yake.

Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa utani, maana kila alipoulizwa anafanya kazi gani alijibu, "Nafunga vifurushi." Wapo watu wanaoandika programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzichungulia ndani, na wapo wanaozifungasha ili mtu aliye mbali azipate kwa amri moja. Yeye alifungasha seva ya wavuti, programu inayokaa macho ikingoja watu waombe kurasa. Seva hiyo ilikuwa na vifurushi vitatu, chepesi, cha kati na kizito, kila kimoja na moduli zake, yaani vipande vya kuongeza uwezo. Watu walichanganyikiwa wachague kipi. Akaamua kuviunganisha viwe kimoja, na moduli zikae kando, kila mtu achukue aitakayo.

Moduli ishirini zilikwenda vizuri. Iliyobaki ni ya mwangwi. Kazi yake ilikuwa ndogo tu: ikipewa neno, inalirudisha. Lakini haikuwa na mlezi, yaani mtu wa kuitunza na kuirekebisha. Wa mwisho aliandika, "Siiwezi tena," akatoweka.

Desturi yao ilikuwa wazi. Moduli isiyo na mlezi hutangazwa yatima, na hungoja mpaka mtu ajitokeze kwa hiari yake. Ila toleo jipya lilikuwa linafungwa siku hiyo hiyo. Bi Vifurushi hakutangaza. Aliandika jina lake mwenyewe kwenye nafasi ya mlezi, na kwa haraka akaishona moduli ile ndani ya kifurushi kikuu badala ya kuiacha kando. "Nitairekebisha baadaye," alisema.

Hayo aliyafanya asubuhi. Kikohozi kilimjibu mchana.

Jioni binti yake wa miaka saba, ambaye walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alimvuta kanga.

"Mama, stoo kuna nani?"

"Hamna mtu, mwanangu."

"Mbona ananiiga?"

Kesho yake alipofungua faili la moduli alikuta mstari ambao hakuuandika: *Inahitaji: maji.* Akaufuta. Adhuhuri alikwenda kuchota kwenye pipa alilolijaza alfajiri, akalikuta kavu mpaka chini, sakafu haina hata tone, na hewa inanuka jivu lililolowa.

Siku ya tatu mstari ulisema: *Inahitaji: giza.* Akabadilisha balbu ya stoo mara tatu, na mara tatu ikafa. Mchana ule ule mwanga wa jua uliopita mlangoni uliishia kizingitini, kama uliokatwa kwa kisu.

Siku ya nne ukaandikwa: *Inahitaji: sauti*, na Bi Vifurushi hakungoja kuufuta, alitoka mbio bila viatu mpaka shuleni, akamkuta Chiriku amesimama getini akifungua na kufumba mdomo, machozi yakimtiririka, wala hakuna kilichotoka, akambeba mgongoni njia nzima akimbembeleza, na walipovuka tu mlango wa nyumba, kutoka stoo, kwa sauti ile ile nyembamba ya mwanawe, kitu kikasema:

"Mama, nimefika."

Shangazi aliitwa. Alikuwa mganga, mzoefu wa kutoa majini, na hakuwa mtu wa kubabaika.

"Umefukiza nini humu?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Sijafukiza kitu, Shangazi. Niliandika jina langu tu."

"Tu! Watu wanaandika jina kwenye cheti cha ndoa, nao wanasema tu." Akasogea kizingitini. "Wewe ni nani?"

"Wewe ni nani?" sauti ya Chiriku ikarudisha.

"Unataka nini?"

Safari hii sauti haikuiga. "Nataka nilivyoandikiwa," ikasema. "Mlezi hulisha."

Shangazi alifukiza, akanyunyiza, akakemea mpaka akakauka koo. Bakuli lake la dawa likapasuka mkononi. Akarudi nyuma, damu ikimchuruzika.

"Mimi hutoa jini aliyeingia," alisema. "Huyu hakuingia. Umemwandikisha. Mwondoe kwa njia yenu."

Bi Vifurushi akajaribu kuifuta moduli. Mstari mpya ukajichora mbele ya macho yake: *Inahitaji: pumzi.* Nyuma yake Chiriku akashika koo.

Basi hakuthubutu kufuta tena. Usiku na mchana alifumua alichoshona, mpaka moduli ikakaa kando peke yake, kisha akafanya alilopaswa kulifanya tangu mwanzo: akaitangaza yatima. Jina lake lisingetoka mpaka lije jingine. Wakangoja. Kila siku pumzi ya mtoto ilizidi kuwa fupi, na kila siku stoo ilizidi kupumua kwa nguvu.

Siku ya tisa ikaja barua.

"Habari dada. Nimeona tangazo lako. Ndiyo kwanza naanza kujitolea, na ningefurahi kuilea moduli hii. Nashinda nyumbani na watoto wangu pacha wa miaka mitatu, kwa hiyo muda ninao."

Bi Vifurushi akaandika haraka: "Ndugu yangu, usiichukue. Ina—"

Kitandani Chiriku alikoroma mara moja, midomo ikageuka rangi.

"Umemjibu?" Shangazi aliuliza.

"Namjibu."

"Umemwambia?"

Alifuta herufi moja baada ya nyingine mpaka ukurasa ukawa mtupu. Akaandika maneno ambayo walezi wote huandikiana: "Karibu sana, na asante kwa kujitolea." Akatoa jina lake, akaweka la yule mwingine, akabonyeza.

Mwanga ukaingia stoo. Chiriku akavuta pumzi ndefu, akaketi.

"Mama, nina njaa. Mama, kwa nini Shangazi amefungwa kitambaa? Mama, unalia nini?"

"Furaha, mwanangu. Endelea kusema."

Chiriku akasema mpaka jua likazama, na mama yake akamsikiliza bila kumkatiza, kompyuta ikiwa wazi mapajani. Barua ya pili ikaingia kutoka kwa yule yule. Kichwa chake kilikuwa maneno mawili: *Swali dogo.*

Hakuifungua.