Majani Yaliyokufa Mara Mbili

Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, fundi wa maabara alifungua chumba cha kuoteshea akakuta miche yote ya mtoto wa kaka yake imelala kwenye trei, majani yamelegea kama karatasi iliyolowa. Kidhibiti joto kilisoma nyuzi nane chini ya sifuri.

Profesa aliyemsimamia binti huyo masomoni hakupandisha sauti. Kwa maoni yake binti alikusudia nyuzi nane, akaweka alama ya kutoa kwa usingizi. Saa nane mchana kikao kingeamua kama angefutiwa masomo.

"Shangazi, nilikagua mara tatu," binti alisema.

Fundi alitaka kumwamini, lakini wiki hizi binti alikuwa akisinzia hata akiwa amesimama. Akamtilia shaka, na shaka hiyo ikamuuma. Alichuma majani machache, akajifungia na chupa zake.

Jani hai likipigwa na baridi kali, vimeng'enya vyake huanza kuzibadilisha lipidi, yaani mafuta, za utando wa kloroplasti, vile vijisehemu vya kijani vya jani, vikiziunganishia sukari juu ya sukari ili utando usipasuke. Kwenye bamba la kupimia, mabadiliko hayo huonekana kama madoa yaliyopangana mithili ya ngazi. Fundi aligandisha jani la mche wa kawaida ili alinganishe. Saa sita kasoro robo, jani lile lilionyesha ngazi. Majani ya binti hayakuonyesha kitu. Lipidi zake zilikuwa vilevile, kana kwamba baridi haikuyagusa yakiwa hai.

Akaketi. Kila siku wao wenyewe huchovya majani kwenye spiriti inayochemka ili vimeng'enya vinyamaze papo hapo. Kumbe kuna mtu aliiunguza miche kwa maji yanayochemka kwanza, ndipo akaigandisha.

Wa kwanza kumjia akilini alikuwa mlinzi, mwenye birika kibandani. Lakini mlinzi hakuwa na ufunguo wa chumba kile, na alifungua daftari lake la wanaoingia na kutoka bila kubabaika. Jumapili usiku binti alitoka saa nne na dakika ishirini. Saa tano kamili aliingia mtafiti mwandamizi, waliyemwita Kipimo kwa kuwa hata sukari ya chai aliipima kwa mizani. Asubuhi Kipimo alikuwa amesema alipita dakika moja tu kuchukua shajara.

"Dakika moja?" mlinzi alicheka. "Alikaa nusu saa. Nikamtania kama shajara imeota miguu."

Fundi alirudi kwenye karatasi ya kinasa joto. Wote waliangalia pale mstari ulipoporomoka saa tano na dakika ishirini na tano. Hakuna aliyeona kwamba dakika saba kabla ya hapo ulikuwa umepanda kidogo, kama chumba kilichojaa mvuke.

Kikaoni aliweka mezani bamba, karatasi na daftari. Alieleza yote bila kuruka hatua hata moja. Profesa alimgeukia Kipimo.

"Birika la ofisini kwako?"

Kipimo alivua miwani, akakubali kwa kichwa. Alisema miaka tisa alikuwa akifundisha kwamba kuuongezea mmea uwezo wa kutengeneza lipidi zenye sukari nyingi wakati wa baridi hakuwezi kuuokoa na barafu. Mwezi ujao binti angesimama mbele ya watu walewale kuonyesha kinyume. Miche ikionekana imekufa kwa baridi, hoja ya binti ingekufa nayo.

Binti ndiye aliyeuliza. "Kama uliamini haiwezi kustahimili, kwa nini hukuiachia baridi peke yake?"

Kipimo alirudisha miwani usoni.

"Mwezi uliopita nilichukua miche yako miwili," Kipimo akasema polepole. "Niliigandisha siku mbili nyumbani. Haikufa."

"Iko wapi?"

"Dirishani kwangu. Nilishindwa kuitupa. Juzi ilitoa maua."

Binti alisimama, akachukua mkoba wake. Alimnyooshea Kipimo mkono, kiganja juu.

"Nipe ufunguo wa nyumba yako, Mwalimu. Shangazi, twende."