Mwiko wa Carson City

"Amevaa aproni nyeupe! Ameingia jikoni! Narudia, jikoni!"

Sauti ya mkuu wake, Pruitt, ilimpasukia Verna Stolpe katika kidude cha mawasiliano sikioni. Aliusukuma mlango kwa bega, mkono ukiwa tayari kwenye bastola yake aina ya Glock.

Lahaula! Mle jikoni mlikuwa na wanaume watano, wote wamevaa aproni nyeupe, wanapiga soga kuzunguka sufuria kubwa la chili, mchuzi mzito wa nyama na maharage.

Akaficha bastola.

"Wako watano," alinong'ona.

"Yupi sasa?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo, maana sura ya jamaa hakuna aliyeijua. Kilichojulikana ni kwamba alikuwa mkusanyaji wa sarafu za kale, aliyelishwa hela na wapelelezi wa kigeni akageuka msaliti. Ndiyo maana alileta biashara yake chafu hapa Carson City, kwenye maonyesho ya sarafu, katikati ya wazee wenye vioo vya kukuzia. Mfukoni alikuwa na dola ya fedha iliyochongwa ndani ikabaki ganda, na ndani ya ganda mlikuwa na kitufe. Kidole kikigusa tu, majina ya majasusi wa Marekani yanaruka mpaka kwa wageni wale.

Jina la kwanza lilikuwa la Calvin, mdogo wake Verna, aliyekuwa ng'ambo akijifanya muuza matairi.

"Akisikia buti za polisi tu, anabonyeza," alisema Pruitt. "Na Calvin wanamchinja leo leo."

"Najua."

"Unajua tu? Ni ndugu yako wa tumbo moja, Verna!"

"Nimesema najua."

Alipaswa kuogopa. Aliutafuta woga moyoni, asiuone. Kazi ilishamkausha. Mwaka jana alimzika mama yake asubuhi, mchana akawa ofisini anaandika ripoti.

Basi akatoa dola aliyokuja nayo ili apite mlangoni kama mkusanyaji. Haikuwa ya kuazima. Ilikuwa dola ya fedha aina ya Morgan, ya mwaka 1889, iliyochapwa papo hapo Carson City, urithi wa baba yake. Mzee Stolpe aliishika kwa ukingo tu, na mtoto aliyeigusa uso alikula kofi. Wakusanyaji wa sarafu wana mwiko mmoja mkubwa: sarafu ya kale haisuguliwi. Ule weusi wake ndio heshima yake, na ukiung'oa umeiua. Asiye wa kundi lao hayo hayajui. Yeye anaona uchafu.

"Jamani, samahani," Verna alisema, akiokota waya wa kusugulia sufuria kwenye sinki. "Nina dola yangu hapa imechakaa. Nataka niitakatishe."

"Dada, foleni ya chili iko mbele," alimjibu mpishi mmoja mnene. "Hapa ukikaa utaosha vyombo."

Wakacheka. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa na masharubu ya mvi, amesimama karibu na friji, mkono wa kulia mfukoni.

"Ya lini hiyo?" aliuliza kijana mmoja huku akitafuna.

"1889. Carson City."

Masharubu yakageuka.

Verna akaanza kusugua.

Kwaru! Kwaru! Shavu la Bibi Uhuru, yule mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu, likatoka weusi, likaanza kung'aa vibaya.

"Tia siki na chumvi," mnene alishauri. "Bibi yangu alikuwa anafanya hivyo, vijiko vinakuwa kama vipya."

"Lete siki."

Mwenye masharubu alikuwa akitoka jasho. Mkono haukutoka mfukoni. Verna akaigeuza sarafu, akamshambulia tai wa upande wa pili.

Kwaru!

"Acha!" Sauti ilimtoka mwenye masharubu kama mtu aliyekanyaga msumari. "Acha, we mwanamke! Una wazimu? Hiyo ni themanini na tisa ya Carson City! Watu wanazitafuta mpaka wanakufa! Mpumbavu mkubwa wee!"

Akaruka kumpokonya, kwa mikono miwili, mitupu.

Verna alikuwa akiingoja mikono hiyo. Alidaka kifundo, akakisokota, akambwaga kifudifudi juu ya meza. Chili ikamwagika. Glock ikatua nyuma ya sikio.

"Usitikisike, mzee."

Kwa vidole viwili alimchomolea mfukoni ile dola ganda, akaitia kwenye kijisanduku cha madini ya risasi kisichopitisha mawimbi, akakifunga.

"Ninayo."

"Calvin amepona!" Pruitt alipiga ukelele. "Umesikia? Nampigia sasa hivi. Nimwambie nini?"

Verna alifikiri.

"Mwambie avae koti. Huko kuna baridi."

Polisi wakaingia, wakamfunga pingu yule mtu. Bastola hakuitazama. Alikuwa anaitazama dola iliyokwanguliwa.

"Umeichuna mpaka nyusi," alisema. "Uliitoa wapi?"

"Ya marehemu baba yangu."

"Ya baba yako! Na huoni uchungu?"

Akaangua kilio. Alilia kwa kwikwi, makamasi yakaingia kwenye masharubu, mtu aliyekuwa tayari kuwauza binadamu wenzake kwa kidole kimoja.

Verna alimtazama mpaka walipomtoa. Alimwonea wivu kwa machozi yale.

Kisha akavaa miwani ya jua, akaiacha dola kwenye sinki, akatoka.