Miraba Minne ya Uso

Chwaa, chwaa, chwaa. Kila asubuhi sauti hiyo ilitangulia vyote. Kabla hujaliona lango la shule katika ukungu, ulisikia ufagio wa Bibi Mfagizi ukikwaruza sakafu ya darasa la sita. Wanafunzi waliutumia kama saa: ukisikika, bado hujachelewa, ukinyamaza, timua mbio.

Sabuni hakuwahi kuchelewa. Jina hilo alipewa na wenzake, naye alilipenda. Soksi zake zilikuwa nyeupe pe hata wakati wa matope, na daftari lake halikuwa na doa hata moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pita pembeni, hapo bado pabichi."

Bibi alimalizia kazi yake kwenye ukuta wa nyuma kila siku. Alisimama pale kidogo, ufagio kwapani, akiitazama picha iliyochorwa ukutani, kisha akaondoka. Sabuni alidhani anapumzisha mgongo.

Picha hiyo ilikuwa fahari ya shule nzima. Aliyeichora aliitwa Fundi Rangi, na alisoma katika chumba hichohicho. Muhula huo mwalimu wa sanaa aliwafundisha maisha yake. Fundi huyo alianza kwa kuchora mabango ya vinyozi. Baadaye picha zake zilitundikwa kwenye kumbi kubwa za miji ya mbali, lakini yeye mwenyewe alifia kwenye chumba cha kupanga, kifua kimemchakaza. Mwaka wake wa mwisho alikuja shuleni akikohoa, akaomba ukuta. Rangi za mafuta zilikuwa zikimkaba, kwa hiyo alikoroga rangi ya unga kwa maji na gundi kidogo. Akamchora mwanamke kijana ameketi kwenye benchi la hospitali, anasubiri.

"Hakugusa brashi kabla ya kumtazama mtu vya kutosha," mwalimu alisema. "Alikuwa akisema, jicho lifanye kazi kwanza, mkono utafuata."

Kisha mwalimu akatandaza nyuzi mbele ya ukuta, zikaigawa picha miraba arobaini, mmoja kwa kila mwanafunzi. "Chora kilichomo kwenye mraba wako. Usichore unachokipenda."

Uso wa yule mwanamke uliangukia miraba minne. Sabuni alipata mdomo. Aliutazama mara moja tu. Ulikuwa mkavu, umepinda, hauvutii. Akachora tabasamu zuri, kama la yule dada wa kwenye boksi la dawa ya meno. Daftari liliporudi, mwalimu alikuwa ameandika: *Safi. Lakini ulitazama?* Sabuni akasoma neno la kwanza, akafunga.

Alhamisi ikatangazwa kwamba kesho yake wageni wa makumbusho wangekuja kuipiga picha kazi ya Fundi Rangi. Ilikuwa zamu ya Sabuni kupanga madawati. Wenzake walipoondoka aliona vumbi kwenye uso ule. Wageni watatuonaje? alijiuliza. Akachukua ndoo ya Bibi pale mlangoni, akaloweka tambara kwenye povu, akasugua.

Alisugua mara tatu tu. Vumbi likatoka, na jicho likatoka nalo. Maji ya rangi yalichuruzika ukutani kama chai. Alijaribu kuyazuia kwa kiganja, akazidi kuharibu. Uso ukabaki bakuli jeupe lisilo na kitu. Sabuni alirudi nyuma hatua moja. Kisha akaiacha ndoo palepale, akakimbia.

Ijumaa wageni walitazama ukuta, wakatazamana, wakarudisha kamera zao mkobani. Mwalimu mkuu alimwita Bibi mbele ya darasa.

"Ufunguo unao wewe. Ndoo ni yako. Ilikutwa hapa."

"Mwalimu, mimi ukuta huu siugusi hata kwa ufagio."

"Basi umejiosha wenyewe?"

Darasa likaangua kicheko. Bibi aliugeukia ukuta. Aliangalia pale ulipokuwa uso. Akaambiwa akae nyumbani mpaka uamuzi utolewe, na kila mtu alijua uamuzi wenyewe: kazi hana tena. Sabuni alikuwa dawati la mbele. Aliinama, akazivuta juu soksi zake nyeupe.

Jumatatu hakusikia kitu. Alisimama langoni akatega sikio. Kimya. Darasani vumbi lilikuwa limetanda, na jirani yake, mvulana waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa akichora tumbo lake kwa kidole kwenye vumbi la dawati.

"Sabuni, leo soksi zako zimekwisha," akasema. "Yule bibi naye kajimaliza. Mtu unaosha picha kama sufuria!"

"Nyamaza!"

"Kwani ni bibi yako? Jikaze kisabuni, bwana."

Sabuni akasimama. Alimfuata mwalimu wa sanaa mlangoni.

"Mwalimu, si Bibi. Ni mimi."

Mwalimu aliweka vitabu vyake chini. "Tangu Alhamisi?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mtu mzima ameitwa mwongo mbele yako, amechekwa, amefukuzwa, na wewe umekaa kimya."

Angempiga kofi, lisingeuma vile.

Walimwarifu mwalimu mkuu, wakaenda watatu nyumbani kwa Bibi, mwalimu mkuu mbele. Chumba cha Bibi kilikuwa na kitanda, jiko, viti viwili na fagio tatu kwenye kona. Kuta zilikuwa tupu. Sabuni alieleza yote huku akitazama sakafu. Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi.

"Mama, nimekukosea. Nilikuhukumu bila kuuliza. Kesho nitayasema haya mbele ya shule nzima. Tafadhali rudi kazini."

"Kazini nitarudi," Bibi akasema. "Lakini yule nitamwona wapi?"

Akaketi kitandani.

"Yule wa ukutani ni binti yangu. Walikaa benchi moja hospitali, yeye na Fundi Rangi, siku nyingi. Alipofariki, fundi alikuja akaniambia, 'Mama, sura yake ninayo kichwani, nitafutie ukuta.' Picha nyingine sina. Hatukuwahi kumpiga picha."

"Mbona hukutuambia?" mwalimu wa sanaa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mngenipa pole kila siku. Mimi nilitaka kufagia tu, nikimaliza nimwamkie."

Sabuni alilia njia nzima, na hakuna aliyembembeleza. Walipokaribia shule akasimama ghafla. "Mwalimu! Ile miraba!"

Siku hiyohiyo alizunguka darasani akiomba kurasa zenye miraba ya uso, na kila aliyemwomba alimweleza sababu. Wengine walimsonya. Redio, aliyepewa mraba wa jicho la kushoto, alikuwa ameliongezea miwani. Aliposikia habari ya binti, aliifuta polepole, ameinama, bila mzaha wowote. Wakabandika miraba minne juu ya kadibodi.

Kesho yake ufagio ulisikika tena, chwaa, chwaa, lakini taratibu kuliko zamani. Mwalimu mkuu aliomba radhi mbele ya shule nzima, kama alivyoahidi. Kisha Sabuni akampelekea Bibi ile kadibodi darasani.

Bibi aliishika karibu na dirisha. Paji la uso, macho, pua. Akaziba sehemu ya chini kwa kiganja, akapumua kwa nguvu. "Huyu ndiye. Ndiye kabisa." Kisha akaondoa kiganja. "Lakini huyu wa chini simjui. Mwanangu siku zile hakuwa na cha kuchekea."

Sabuni alitamani ardhi immeze. "Huo mraba ni wangu, Bibi. Niliuona mdomo mbaya, sikuutazama. Nikachora mwingine."

Mwalimu wa sanaa akaweka mkono begani kwake. "Umeona sasa? Daftari lako lilikuwa safi kuliko yote, na ndilo lililosema uongo. Usafi wa soksi tunausifu. Lakini kazi safi ni ile ya kweli, hata ikikuchafua mikono. Na ukikosea, sema siku ileile, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako."

Sabuni aliubandua mdomo ule, akachukua penseli.

"Ulikuwaje, Bibi?"

"Midomo mikavu. Imeachana kidogo, kama anataka kuuliza zamu yake itafika lini."

Alichora, akafuta. Akachora tena. Vidole vikawa vyeusi, na mkono wa shati lake jeupe ukapakaa masizi ya penseli. Bibi alitazama kila mara, akatikisa kichwa. Kengele ikalia, wenzao wakaanza kuingia.

"Umekaribia," Bibi akasema. "Bado, lakini umekaribia."

Sabuni aliinua macho. Safari hii aliutazama uso wa Bibi mwenyewe vizuri, mstari kwa mstari, na hasa mdomo wake, ambao huenda binti aliurithi.

"Nitarudi kesho, Bibi," akasema kwa sauti, darasa zima likimsikia. "Na keshokutwa. Nitachora kila asubuhi, mpaka wewe mwenyewe useme ndiye."