Manyoya Kwenye Kochi la Mwalimu

Ukumbi ulikuwa umefurika. Wageni walisukumana mlangoni kwa manukato na vicheko, na bibi harusi alikuwa tayari garini akiwasubiri wasimamizi wake. Mmoja wao, mwalimu wa chekechea, alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo, machozi yakimlengalenga. Gauni lake la mahameli ya bluu lilimkaa kama aliumbwa nalo, lakini kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo lilijaa manyoya meupe ya paka. Rola yake ya karatasi za gundi za kunasia manyoya ilikuwa imeisha, kimebaki kigogo kitupu.

"Geuka," sauti ya kiume ikasema.

Alikuwa mpiga picha wa harusi, mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, kamera mbili zikimning'inia shingoni. Akatoa mkobani glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, akailowesha kidogo kwa maji ya chupa, akamwambia aivae na kupangusa kwenda chini, upande mmoja tu. Manyoya yakaanza kujiviringisha na kudondoka. Mgongoni alimsaidia yeye, kwa adabu zote, huku akipiga chafya mfululizo.

"Una mafua?"

"Vumbi la ukumbi."

"Na mkobani unabeba glavu ya vyombo?"

"Maharusi wengi hufuga paka. Ila wewe ndiye wa kwanza niliyetamani achelewe kutakata."

Mwalimu alicheka mpaka akasahau kuirudisha glavu. Kesho yake akapiga simu kusema ana mali ya mtu, na maongezi yakaendelea mpaka chai yake ikapoa.

Mapenzi yakashika kasi. Mwalimu alimwita mpiga picha Picha, naye akaitwa Mwalimu wangu. Picha alimsubiri nje ya shule jioni, akavumilia watoto wakimuuliza kama yeye ndiye baba wa mwalimu. Walitembea, walitaniana, walipigiana simu kutakiana usingizi mwema kisha wakapigiana tena kuulizana kama wamelala.

Tatizo lilikuwa moja. Picha hakukaa nyumbani kwa Mwalimu. Akifika alisimama kizingitini, mara ana haraka, mara kuna mteja anamngoja. Dada mkubwa wa Mwalimu hakulipenda jambo hilo. Alisema mwanamume asiyekaa kwako ana pengine anapokaa.

Siku ya kuzaliwa kwake Mwalimu alipika, akavaa gauni jekundu la maua, akayafunika makochi vitambaa vipya. Balozi, paka mweupe mnene aliyeachwa na marehemu mama yake, alitanda katikati ya kochi kama mwenye nyumba. Picha alikula vijiko vichache, macho yakaanza kuwa mekundu, akaomba radhi na kuondoka. Mwalimu alimfuata kwa macho dirishani. Akamwona getini akitoa rola ya gundi na kujisugua kifuani, mikononi, hata shingoni, akichana karatasi moja baada ya nyingine na kuzitupa pipani, kama mtu aliyetoka jalalani.

Alihisi uso unamuwaka. Kila asubuhi alikuwa akipitisha rola kama hiyo kwenye makochi, na aliamini nyumba yake inang'aa. Akapiga simu.

"Usijisumbue kuja tena. Nisije nikakuchafua."

Picha alijaribu kueleza, simu ikakatwa. Akapiga tena na tena bila kujibiwa.

Wiki ile ikapita kwa uzito. Ndipo namba ngeni ilipomfikia Mwalimu wakati watoto wamelala usingizi wa mchana. Mpigaji akajitambulisha kuwa ni mama yake Picha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sitaki kuingilia, ila naingilia. Huyu tangu utotoni akikaa na paka kifua kinambana, anakosa pumzi. Manyoya yakimbaki kwenye shati anahangaika nayo njia nzima. Nilimwambia akueleze. Anasema alikusikia ukimwambia dada yako kwamba asiyemtaka paka wako aondoke yeye. Basi ameondoka, na kila akipika hapa chumvi inazidi. Nihurumie."

Mwalimu alicheka na kulia kwa pamoja. Jioni akaenda studio, akamkuta Picha anafuta lenzi iliyokwisha kutakata.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungelazimika kuchagua."

"Na ningemchagua paka?"

"Hicho hasa ndicho nilichoogopa."

Mwalimu alimweleza, bila kupaza sauti, kwamba ukimya wake ulimfanya yeye aionee aibu nyumba yake mwenyewe, na kwamba kosa hilo ni kubwa kuliko chafya. Picha akakiri, akaomba msamaha, akakubali kwenda kwa daktari aliyekuwa akimkwepa. Daktari alimpa dawa, akawaambia wapunguze manyoya nyumbani na paka asilale chumbani.

Jumamosi wakaanza kazi, Picha akiwa na barakoa. Waliziacha rola za gundi, maana zilipapasa juu tu na kujaza pipa la taka. Mwalimu akachukua kipangusio cha mpira cha kusafishia vioo, akakivuta juu ya zulia alilodhani ni safi. Likatoka lundo la kutosha kuunda paka wa pili. Makochi wakayapitishia glavu yenye unyevu, vitambaa vikafuliwa. Nguo za kazi zikapata brashi ya mahameli ambayo hukung'utwa, huoshwa na kutumika tena. Balozi alipewa kitanda chake sebuleni, akakaa akiwanunia.

Kazi hiyo waliirudia kila Jumamosi. Kisha ikafika alasiri moja ambapo Picha alikaa kwenye kochi mpaka jua likashuka, bila barakoa. Alipiga chafya moja, akaomba samahani.

"Si ungeondoka mapema?" Mwalimu akamtania.

"Nataka kukaa."

"Kaa basi. Nani kakufukuza?"

"Sisemi leo tu." Akamshika mkono. "Nataka kukaa nawe, Mwalimu wangu, niwe mume wako. Nikiumwa nitasema. Nikiogopa nitasema."

Mwalimu alimpangusa unyoya mmoja begani. Kisha akainua simu yake, akapiga, akaiweka sauti ya juu.

"Mama," alisema, "chumvi itapungua. Nimekubali kuolewa."

Upande wa pili mama akamshukuru Mungu na kuuliza kama mwanawe amekula.