Jina Lililorukwa

Giza lilikuwa linaanza kuingia Wesonga alipovuka Barabara ya Ngong' akitoka Kibera, amemshika mkono bibi mzee, Kukhu Nafuna, ili asijikwae. Alikuwa ametumwa na mkewe, Jentrix: mlete yule bibi anayejua kuita majina, na usirudi bila yeye. Mtoto wao wa kwanza, msichana, alikuwa hajashika titi tangu azaliwe. Alilia tu. Zahanati walimpima, wakasema hana ugonjwa.

Kwao Wabukusu, mtoto wa namna hiyo haumwi. Kuna marehemu wa ukoo anayetaka mtoto aitwe kwa jina lake. Basi mzee huyataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na mtoto akinyamaza akanyonya, jina limepatikana.

Njiani Kukhu aliuliza jambo moja tu.

"Wafu wa kwenu unawajua wote?"

"Wote, Kukhu."

Hapo ndipo Wesonga aliposikia ile harufu... Njugu zilizoungua.

Aligeuka. Nyuma yao hapakuwa na jiko wala mtu. Alimhimiza bibi wakaze mwendo, na harufu nayo ikakaza mwendo.

Tusifichane: Wesonga alikuwa mtu wa kisasi. Mchana aliandika mabango ya maduka pale kituo cha Kawangware 56. Jioni aliwasha koroboi akaandika hadithi za majini na wachawi, huku akizisoma kwa sauti na kuzunguka chumba, mpaka majirani wakadhani ana wageni. Na alikuwa na tabia moja mbaya. Aliyemuudhi mchana alikufa jioni, kwenye karatasi, kwa jina lake halisi. Kinyozi aliyemcheka alimezwa na chatu. Mwenye nyumba alizikwa hai. Jina la kubuni, alisema, halimtishi mtu. Hakuna aliyejali, kwa kuwa hakuna gazeti lililokuwa limezikubali hadithi hizo.

Kisha senge yake akafanya kosa. Senge ndiye shangazi kwao, na huyu, Nekoye, dada ya baba yake, ndiye aliyemlea. Aliuza njugu karanga kwenye stendi na hakujua kusoma. Siku moja aliishiwa na karatasi za kufungia, akaona rundo chini ya kitanda cha Wesonga. Kufikia magharibi, hadithi ndefu kuliko zote alizowahi kuandika kijana yule ilikuwa imeuzwa vipande vipande, walaji wameitupa mtaroni. Senge alicheka, akamwambia aandike ingine tu.

Akaandika ingine. Aliiandika kwa hasira iliyomkosesha usingizi: mwuza njugu aitwaye Nekoye, mchawi wa Kongo, mtaa wao pale Kawangware, mla watoto. Na ndiyo hiyo, katika zote, ambayo gazeti moja la kila mwezi lilikubali kuchapa.

Senge alifurahi kuliko Wesonga mwenyewe. Alinunua gazeti, akabandika kurasa zile kibandani, juu ya jiko, wateja waone kazi ya kijana wake. Wateja waliona. Walisoma. Akina mama wakaanza kuwavuta watoto wao wakipita pale. Halafu mtoto wa jirani akafa kwa homa, na jioni hiyo hiyo watu wakaenda kwa Nekoye na mafuta ya taa. Wesonga alisikia makelele kutoka chumbani kwake. Alifunga mlango.

Alimkuta hospitalini, amefungwa bendeji mpaka machoni. Senge hakumlaani. Alinong'ona tu.

"Nimesomewa yote, mpaka mwisho. Nitakuja vile uliandika."

Alizikwa kwao Bungoma, na Wesonga hakwenda.

Walipofika na Kukhu, chumba cha Wesonga na Jentrix kule Kongo kilikuwa kimejaa kilio. Si kilio tena, bali mkwaruzo mwembamba wa koo lililokauka. Kukhu aliketi kitandani kando ya Jentrix, akamwomba Wesonga amtajie wafu wake, naye akawa anayarudia majina hayo sikioni mwa mtoto.

"Nabwire, ni wewe?"

Mtoto alilia.

Akaitwa Nasimiyu. Akaitwa Nafula, Nanjala, hata wale waliokufa zamani ambao Wesonga aliwajua kwa kusikia tu. Mtoto aligeuza uso kila mara, akalikataa titi. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya buluu.

Kukhu alinusa.

"Kuna mtu mmemruka," alisema.

Wesonga alitazama sakafu. Jentrix alimvuta shati.

"Mwite senge yako."

"Si yeye."

"Wesonga. Wewe unaona aibu, na mtoto anakufa."

Haikuwa aibu. Jentrix alikuwa mjamzito gazeti lilipotoka, na alikataa kumaliza kuisoma hadithi ile. Kwa hiyo hakujua. Mchawi Nekoye, kama alivyomwandika Wesonga, haingii nyumbani kwa mlango. Anazaliwa. Hulia mpaka aitwe kwa jina, na akishaitwa hunyonya, wala haachi, hadi mama akauke. Kisha humgeukia baba. Wesonga alikuwa amejivunia sana mwisho ule. Aliusoma kwa sauti Jentrix akiwa hayupo, akacheka peke yake.

Mkwaruzo ulikatika. Mtoto alifungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Wesonga aliutazama ule mdomo mdogo uliokuwa ukitafuta pumzi, na moyo ukamvunjika. Alimpenda. Mungu anajua alimpenda.

"Nekoye," alisema.

Kisha... mtoto akashika titi.

Chumba kizima kilinuka njugu zilizoungua. Kukhu alishukuru, akamwambia Wesonga kwamba huyu sasa ni senge yake. Amwite hivyo, na amheshimu kuliko alivyowahi kumheshimu mwingine. Jentrix alilia kwa furaha. Wesonga naye alilia. Jirani mmoja akaja kumchukua bibi akalale kwake.

Wakabaki watatu. Mtoto alinyonya. Jentrix aliomba maji, Wesonga akampa. Akaomba tena. Mtungi ulipokwisha, midomo yake ilikuwa bado mikavu, imepasuka.

"Hebu mtoe kidogo, apumue," Wesonga alisema.

"Nimejaribu. Amenishika."

Alisogeza koroboi. Juu ya titi, macho ya mtoto yalikuwa wazi, yametulia, yanamtazama yeye. Mtoto mchanga hatazami hivyo.

Jentrix aliegemea ukuta. Mashavu yake yalikuwa yameanza kubonyea.

"Wesonga," alinong'ona, "ile hadithi ya senge... iliishaje?"